Kurasa Tano kwa Siku

Walter Dean Myers alipokuwa mtoto wa shule ya msingi huko Harlem, New York, alikuwa na ulimi mzito. Maneno yalimtoka yakiwa yamepondeka, wenzake wakacheka, naye akawajibu kwa ngumi. Aliadhibiwa mara nyingi hadi akahesabiwa miongoni mwa watukutu. Mwalimu mmoja alijaribu njia nyingine. Kwa kuwa kila mwanafunzi alitakiwa kusoma kitu mbele ya darasa, alimruhusu Walter asome alichokiandika mwenyewe. Mvulana akakaa kuandika mashairi, akiyakwepa maneno yenye sauti zilizomshinda na kuchagua yale ambayo kinywa chake kingeyamudu.

Wanaosimulia maisha yake hukitaja kisa hiki ili tumwonee huruma. Mimi hunivutia kwa sababu nyingine. Kabla hajabalehe, mtoto huyu alikuwa ameshazoea kulipima neno ulimini kabla ya kuliweka kwenye karatasi, na kuliacha lisilofaa hata kama maana yake ni tamu. Alikuja kuandika vitabu zaidi ya 100, vingi vikiwa vya vijana, na mazungumzo yaliyomo humo msomaji huyasikia sikioni kana kwamba wasemaji wamekaa chumba cha pili. Sidhani kama hiyo ni bahati.

Alizaliwa tarehe 12 Agosti 1937 katika mji wa Martinsburg, West Virginia, akaitwa Walter Milton Myers. Mama yake alifariki akijifungua mtoto mwingine, Walter akiwa bado mdogo mno hata kumkumbuka. Aliyemchukua ni Florence, mke wa kwanza wa baba yake, ambaye wakati huo alikuwa ameshaachana naye na kuolewa na Herbert Dean. Florence alikuja kuwafuata binti zake, akaondoka na mtoto wa mwanamke aliyemfuatia. Akina Dean walimlea Harlem kama wao wenyewe, bila ya mahakama kuhusika, na jina lao akalipachika katikati ya lake alipoanza kuandika kwa dhati. Tangu hapo kila jalada la kitabu chake ni shukrani kwa watu hao wawili.

Florence alisafisha nyumba za watu. Jioni alisoma magazeti ya hadithi za mapenzi, mtoto akiwa pembeni yake, kidole kikifuata mstari, na kwa kukifuata kidole hicho Walter akajua kusoma kabla ya kuanza shule. Herbert hakuwa msomaji. Yeye alikuwa mtambaji wa hadithi za kutisha, zile za kumfanya mtoto ajifunike shuka gubigubi. Miaka ilipita, mwanawe akapata tuzo, akatajwa magazetini, na Herbert hakuwahi kusema lolote kuhusu vitabu vyake. Jambo hilo lilimuuma Walter. Mzee alipofariki ndipo ilipobainika kwamba hakujua kusoma. Nadhani hapo ndipo ilipo mizizi ya wale akina baba wengi katika vitabu vya Myers, wanaowapenda watoto wao na hawana la kuwaambia.

Akiwa kijana alifaulu kuingia Stuyvesant, mojawapo ya shule za sekondari za serikali zinazogombewa sana mjini New York. Hakumaliza. Nyumbani mambo yalikuwa yameharibika, fedha za chuo hazikuwepo, na alipoona kwamba wenzake wanaelekea kwenye milango ambayo kwake imefungwa, akaanza kutoroka masomo. Mwalimu wake wa Kiingereza, aliyekwisha kuona kuwa kijana huyu ataacha shule, alimsihi asiache kuandika, litokee litakalotokea. Alipotimiza miaka 17 akajiunga na jeshi. Baada ya jeshi zikafuata kazi za hapa na pale, na akiwa kibarua wa ujenzi ndipo alipolikumbuka neno la mwalimu, akanunua daftari na kuanza kuandika usiku.

Mwaka 1968 alishinda shindano la waandishi Weusi lililoandaliwa na Council on Interracial Books for Children, na kitabu chake cha kwanza, cha picha kwa watoto wadogo, kikatoka mwaka uliofuata. Kuingia kwake katika riwaya za vijana kulitokana na mkanganyiko. Hadithi yake fupi ilimfikia mhariri aliyedhani ni sura ya kwanza ya riwaya. Walipokutana kwenye tafrija, mhariri akamuuliza riwaya inaendeleaje. Myers hakukanusha. Alisimama palepale akabuni kisa kizima tangu mwanzo hadi mwisho, na kilichotokana na ujasiri huo ni Fast Sam, Cool Clyde, and Stuff, riwaya ya mwaka 1975 kuhusu kundi la vijana wa mtaa wa 116 wanaolindana.

Kisa hicho kinaweza kumpotosha mtu akadhani Myers alikuwa mtu wa kuotea. Utaratibu wake wa kazi ulikuwa kinyume kabisa. Nyumbani kwake Jersey City, ng'ambo ya mto Hudson, aliamka kabla ya mapambazuko na kuandika kurasa tano kwa siku. Zikitimia tano, basi. Hakusubiri hamu wala utulivu wa moyo. Na hakuanza kuandika ukurasa wa kwanza kabla ya kuujua wa mwisho. Katika Just Write, kitabu alichowaandikia vijana wanaotaka kuandika, anaeleza jinsi alivyogawa karatasi katika visanduku sita. Cha kwanza kina mtu na tatizo lake. Cha pili kina masuluhisho yale ambayo yeyote angeyafikiria, pamoja na sababu za kila moja kushindwa. Baada ya hapo mhusika analazimika kujitazama, kubadilika, kutenda, na cha sita ndipo jambo linapofikia hatima. Kutoka kwenye visanduku akatoa orodha ya matukio, na kutoka kwenye orodha ndipo zikaja zile kurasa tano.

Kisanduku cha pili ndicho kinachonishangaza zaidi. Waandishi wengi wa vijana humpa mhusika tatizo kisha humsukuma moja kwa moja kwenye shimo, na msomaji wa miaka 15, ambaye si mjinga, huuliza: mbona hakumwambia mama yake? Mbona hakuondoka tu? Myers aliyajibu maswali hayo kabla hayajaulizwa. Katika Scorpions ya mwaka 1988, Jamal ana miaka 12, kaka yake yuko gerezani, na genge la kaka linamtaka ashike uongozi. Anapewa bastola. Ukisoma kwa makini utaona jinsi kila mlango wa kutokea unavyojaribiwa, shule, nyumbani, rafiki yake Tito, na kila mmoja unafungwa na jambo dogo linaloaminika: mkuu wa shule aliyekwisha kumchoka, mama aliyelemewa na gharama za wakili. Risasi inapolia msomaji hana pa kukimbilia, kwa kuwa njia zote alishazipita pamoja na mtoto.

Palikuwa na kazi nyingine kabla ya kuandika. Myers alikata picha za watu kutoka magazetini, sura zilizofanana na wahusika aliowafikiria, na mkewe Constance akazipanga pamoja kwenye ubao mmoja ulioning'inizwa ukutani mbele ya meza yake. Kila asubuhi aliwakuta wakimtazama. Alikuwa pia mkusanyaji wa picha za zamani na nyaraka. Picha za watoto Weusi za miaka mingi nyuma zilizaa kitabu cha mashairi, Brown Angels. Mafungu ya barua aliyoyakuta kwa muuza vitabu London yalizaa At Her Majesty's Request, wasifu wa Sarah Forbes Bonetta, binti wa Afrika Magharibi aliyefikishwa kwa Malkia Victoria. Aliamini macho kwanza, maneno baadaye.

Fundi mwashi huvuta uzi kabla ya kupanga tofali, na ukuta ukishasimama uzi huondolewa, mpita njia asijue kama uliwahi kuwapo. Ndivyo visanduku, picha na orodha za Myers zinavyopotea ndani ya kitabu kilichomalizika. Pa kuyaona haya vizuri ni katika Monster, ya mwaka 1999.

Steve Harmon ana miaka 16. Yuko rumande jijini New York, anashtakiwa kwa mauaji. Vijana wawili waliingia duka la dawa la Harlem kuiba, mwenye duka akatoa bastola yake, ikatokea purukushani, akauawa. Steve anadaiwa kutangulia dukani ili kuangalia kama kuna polisi. Kwa sheria ile, kama alishiriki wizi uliosababisha kifo, anahesabiwa muuaji hata kama hakugusa silaha. Wakili wa serikali anawaita watu wa namna yake mazimwi, na neno hilo ndilo jina la kitabu.

Shuleni Steve ni mwanachama wa klabu ya filamu, katika shule ileile ya Stuyvesant aliyoikimbia Myers. Basi anaamua kuiandika kesi yake kama skripti. Maneno ya utangulizi anayafikiria yakipanda juu ya skrini kama mwanzo wa Star Wars, na kuanzia hapo tunapewa maelekezo ya kamera: picha ya karibu ya uso, kata kwenda barazani, picha ya mbali ya mahakama. Mashahidi wanaingia na kutoka. Katikati ya skripti kuna kurasa za daftari lake la siri, zimechapwa kwa herufi za mfano wa mwandiko wa mkono, na humo hakuna kamera. Humo yupo mtoto anayeogopa usiku.

Myers alilipata umbo hilo kwa kusikiliza. Alikuwa amewahoji wafungwa kwa muda mrefu, akagundua jambo katika usemi wao. Mtu alipoeleza utoto wake, shule yake, familia yake, alisema mimi. Alipofika kwenye uhalifu wenyewe, mimi ikaanza kufifia, mambo yakawa yanatokea yenyewe kana kwamba msimulizi alikuwa kando akitazama. Mwandishi mwingine angeiweka hoja hiyo kinywani mwa daktari wa akili katika sura ya tisa. Myers akaifanya mfupa wa kitabu. Skripti ni ule umbali wa mfungwa na tendo lake: Steve anajitazama kutoka nyuma ya kamera kwa sababu hawezi kujitazama kwa macho makavu. Daftari ndilo mahali ambapo mimi inarudi, na inaporudi inatetemeka.

Matokeo yake ni kwamba vitabu viwili vinasomwa kwa pamoja na havikubaliani. Mahakamani Steve anakana kuwamo dukani siku ile. Kwenye daftari anajiuliza ni kosa gani mtu kuingia duka la dawa kutafuta peremende. Sentensi ile ni fupi, haina mkazo, unaweza kuipita bila kuiona. Mara ya kwanza mimi niliipita. Anayekipata kitabu hiki akisome kwanza kama kilivyo, halafu arudie kurasa za daftari peke yake, moja baada ya nyingine. Atakutana na kesi tofauti.

Baraza la wazee wa mahakama linamwona Steve hana hatia. Anageuka kwa furaha kumkumbatia wakili wake, O'Brien, mwanamke aliyempigania kwa uwezo wake wote, na mwanamke yule anageuka upande, mwili umekakamaa. Miezi inapita, Steve anajipiga picha za filamu tena na tena, huku na huku, akitafuta kile ambacho O'Brien alikiona. Kitabu kinaishia hapo. Myers hatuambii. Hakumwambia msomaji wala mwanasheria wa kubuni, na katika ziara zake mashuleni vijana walimbana, naye akawarudishia swali.

Ukimya huo ni mgumu kuliko unavyoonekana. Mwandishi mvivu naye huacha mambo bila jibu, lakini ukimchimba unakuta hata yeye hajui. Hapa kila ushahidi una mahali pake. Mashahidi kadhaa wana sababu ya kusema uongo: huyu anatafuta kupunguziwa kifungo, yule aliogopa genge. Kwa kuwa kisanduku cha sita kilikuwa kimejazwa kabla ya kurasa za kwanza kuandikwa, Myers aliweza kunyamaza bila kitabu kulegea.

Waliopitia somo la fasihi katika sekondari zetu wanalijua swali la mtihani linalotaka ujumbe wa mwandishi, alama tano. Nimejaribu kufikiria mwanafunzi akijibu swali hilo kuhusu Monster. Epuka makundi mabaya? Umo, ila ukiusema hivyo umekiua kitabu. Anayeijua Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo hatashangazwa na umaskini wa Harlem wala na vijana wanaovutwa na njia ya mkato. Kitakachomshangaza ni msimulizi anayekataa kuwa hakimu. Mwaka 2000 chama cha maktaba cha Marekani kilipoanzisha tuzo ya Michael L. Printz kwa vitabu vya vijana, Monster ndicho kilichokuwa cha kwanza kuipata.

Riwaya yake ya vita, Fallen Angels, ilikuwa imetangulia Monster kwa miaka kumi na moja. Mdogo wake Myers, Thomas, aliyeitwa Sonny, alimfuata kaka yake jeshini na kuuawa Vietnam mwezi Mei 1968. Ilipita miaka ishirini kabla Myers hajaitoa riwaya hiyo, na inaanza kwa jina la Sonny. Richie Perry, kijana wa Harlem wa miaka 17, ana goti bovu ambalo lingemtosha kutopelekwa vitani, ila karatasi za daktari zimechelewa. Ninayoipenda humu ni subira ya kuandika uchovu. Kurasa nyingi ni za kungoja, mbu, mzaha mchafu wa mwenzake Peewee, chakula cha makopo, kisha dakika mbili za kifo, kisha kungoja tena. Mama mmoja wa Kivietnam anamkabidhi askari mtoto wake, na mtoto ametegwa bomu. Myers anatumia sentensi chache kuliko alizotumia kueleza mchezo wa karata. Baadaye Richie anapewa kazi ya kumwandikia barua mke wa luteni aliyekufa, na tunamwona kijana akitafuta maneno yasiyo ya uongo ambayo mjane anaweza kuyabeba. Tunarudi kwa yule mtoto wa darasani, akichagua kinachoweza kutamkika.

Kwa matusi ya askari waliomo, kitabu hicho kimekaa miaka mingi katika orodha za vitabu vinavyolalamikiwa zaidi katika maktaba za Marekani. Kingekuwa cha ajabu kama askari wangezungumza kama wanakwaya.

Si vyote ni vizuri hivyo. Anayeandika vitabu zaidi ya mia hawezi kukwepa vile vilivyokauka, na baadhi ya riwaya zake za michezo unazijua mwisho wake kabla ya nusu. Wasichana wake wa miaka ya mwanzo mara nyingi wapo ili wavulana wawe na wa kuzungumza naye. Utaratibu wa kurasa tano una gharama yake: siku nyingine kurasa tano zilipaswa kuwa mbili. Hata hivyo ni utaratibu huohuo uliompa nafasi ya kujaribu umbo jipya kila mara, skripti, barua, shajara, hadithi fupi za mtaa mmoja katika 145th Street. Mvulana wa miaka 13 alipomtumia barua pepe ya kumsifu, Myers alimwalika waandike riwaya pamoja, sura kwa sura, mzee akiandika kama polisi na kijana akiandika kama mshtakiwa. Kick ilitoka mwaka 2011.

Mwezi Machi 2014 aliandika katika New York Times kuhusu takwimu za kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin: kati ya vitabu 3,200 vya watoto vilivyochapishwa mwaka 2013, vilivyohusu watu Weusi vilikuwa 93. Alieleza jinsi alivyoacha kusoma akiwa kijana, alipogundua kwamba vitabu alivyovipenda havikuwa na mtu kama yeye, na jinsi hadithi ya James Baldwin, Sonny's Blues, ilivyompa ruhusa ya kuiandika Harlem. Hakuipenda sana hadithi hiyo, alikiri. Aliishukuru tu kwa kumwonyesha kwamba mtaa wake unaandikika. Mwanawe Christopher, mchoraji aliyefanya naye vitabu kadhaa na ambaye picha zake zimo katika Monster, aliandika makala ya pili pembeni ya ile ya baba. Tarehe 1 Julai mwaka huo Myers alifariki, akiwa na miaka 76.

Ruhusa hiyo aliipata na mwingine. Jason Reynolds alikuwa mshairi kijana aliyekata tamaa ya vitabu, na Christopher, rafiki yake, alimuuliza nani atakayeendeleza kazi baba yake akimaliza. Akamtaka asome The Young Landlords. Si Monster wala Fallen Angels, vitabu vinavyotajwa zaidi, bali riwaya ya kuchekesha ya mwaka 1979, ambamo kundi la watoto wa Harlem linauziwa jengo bovu kwa dola moja na kujikuta wanadaiwa mabomba na wapangaji wakorofi. Reynolds amesimulia mara nyingi kwamba humo ndimo alimoisikia sauti ya nyumbani kwao ikiwa kitabuni bila kusafishwa. Riwaya yake ya kwanza aliyoiandika peke yake, When I Was the Greatest, ilitoka mwaka 2014. Mwaka 2016 tuzo iliyopewa jina la Walter Dean Myers ilipotolewa kwa mara ya kwanza, ilikwenda kwa All American Boys, aliyoiandika pamoja na Brendan Kiely. Na mwaka 2017 akatoa Long Way Down, kijana mmoja ndani ya lifti, bastola kiunoni, akishuka kwenda kulipiza kisasi cha kaka yake. Milango inafunguliwa, na Reynolds naye hasemi kama kijana alitoka.